Upande wa Nne wa Paka Mlangoni

Kwanza niwataje waliokuwepo, ili mtu asije akasema bibi huyu anaota. Nilikuwepo mimi, mtoto wa Adela, meno mapya ya mbele ndiyo kwanza yanaota. Alikuwepo Melania, mdogo wake mama, niliyemwita mama mdogo na ndiye aliyenilea baadaye. Alikuwepo Bi Tausi, mke wa Saidi seremala, ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja. Alikuwepo Mama Shabani wa nyumba ya kona, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale mtaani lakini aligombana na kila mtu kama ndugu. Na alikuwepo Leokadia, mwanamke wa milimani, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemjua kabla ya siku ile. Mama yangu hakuwepo. Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Hapa La Rochelle, Johannesburg, tunakaa chumba kimoja cha kupanga, mimi, binti yangu Esperanse na mjukuu wangu Aline. Esperanse anashona kwenye vibanda vya mafundi kule Jeppestown, na mabaki ya vitambaa analeta nyumbani kwenye mfuko. Mengine anapewa na wenye maduka wa Fordsburg. Kazi ya mabaki ni yangu. Kitambaa kipya kina ile dawa ya kiwandani inayokifanya kisimame, na ukikinyunyizia maji ili kilale, kinatoa harufu kama ya uji uliolala. Wiki iliyopita nilinyunyizia. Baridi ya huku mnaijua, madirisha yamefungwa, harufu ikajaa chumba kizima, nami nikakaa kitandani. Ilikuwa harufu ya mikono ya mama.

Ninachoshona ni mifarishi. Kwa asiyejua, mfarishi ni lile blanketi la vipande: juu vipande vilivyounganishwa, chini kitambaa kizima, katikati nguo kuukuu au sufi, na vyote vimeshikwa na uzi. Kuna mama mmoja Mzulu mwenye meza sokoni siku za Jumapili, ndiye anayeniuzia. Ameona wateja wanapenda kujua kila mchoro unaitwaje, basi akamtuma Aline apige picha na kuweka majina.

"Haya Bibi, anza," Aline akasema, simu mkononi. "Hii ya vijiti vijiti?"

"Dagaa Juani. Ni ya watu wa mwaloni, mitumbwi inakoshusha dagaa. Ukiona vipande vyembamba vimelala pamoja kama vimeanikwa, usiulize mara mbili."

"Samaki? Haibo! Mtu alale na samaki kitandani?"

"Wewe si unalala na simu?"

"Sharp, sharp. Na hii yenye meno?"

"Meno ya Msumeno. Ya Bi Tausi, mumewe alikuwa seremala."

"Na hii yenye tundu katikati?"

"Mume Kasafiri. Ya Mama Shabani. Mumewe alifanya kazi melini, anaonekana nyumbani kama mgeni."

"Kwa hiyo hilo tundu ndiye mume?"

"Ndiye huyo huyo."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kiswahili Aline anakisikia chote, kukisema ndiyo kazi, anachanganya na Kizulu chake cha shule. Tulikwenda hivyo, Ngazi ya Dari, Jicho la Mwali, Mawe ya Jiko, sikukosa hata moja. Mpaka akaingiza mkono chini kabisa ya sanduku langu na kutoa kimfuko cha nailoni, na ndani yake kipande kile.

"Na hii, Bibi? Mbona imebaki upande mmoja? Leta nikumalizie, dakika tano tu."

Nilimnyang'anya. Sijawahi kumnyang'anya mtoto yule kitu maishani mwake. Akanitazama. Nikamwambia hiyo bado. Akasema, "Bado nini? Kitambaa chenyewe kina umri kuliko Mama." Sikumjibu. Ninyi wenzangu wa rika langu, mliokuwa watoto kule kwetu, ndio ninaowajibu.

Mtaani kwetu kule Rumonge, kando ya ziwa, mji ulionuka mawese asubuhi mpaka jioni, kila mwanamke aliyeshona alikuwa na nyumba yake. Nyumba ndiyo tuliyoiita kile kipande kimoja cha mraba kilichokamilika. Ukiunganisha nyumba nyingi ndipo unapata mfarishi. Nyumba ya mtu ilikuwa ya mtu. Hukuweza kuamka tu ukashona ya mwenzako kwa sababu umeipenda. Uliweza kumwomba akushonee ziingie kwenye mfarishi wako, hapo sawa, na watu wakiona watasema huyu ana rafiki. Lakini kuishona kwa mkono wako, mpaka upewe. Na kupewa kulikuwa na utaratibu. Mwenye nyumba anakukalisha mkekani, mnaweka katikati kile kipande cha moyoni. Yeye anashona upande wa kwanza, wewe unashona wa pili. Yeye wa tatu, wewe wa nne. Ukifunga uzi wa upande wa nne, yeye anataja jina la nyumba mbele ya mtu mwingine anayesikia, basi, imekuwa yako. Bila upande wa nne hujapewa kitu. Ni vitambaa tu.

Niliwahi kuona kilichompata aliyeshona bila kupewa. Bi Tausi alikuwa anapita na ndoo, akaona mfarishi wa Mama Shabani umeanikwa uani, na pembeni pana Meno ya Msumeno safu nzima. Aliiweka ndoo chini taratibu, na utaratibu ule ndio uliotufanya sisi watoto tukimbilie kuona.

"Mama Shabani! Njoo nje. Haya meno umeota lini?"

"Meno ni ya Mungu, mwenzangu. Kila mtu anayo."

"Ya kwako yaliisha kwa kutafuna habari za watu, ndiyo maana umekuja kung'oa yangu!"

"Lo! Pembetatu nazo zina mwenyewe? Nenda kamshitaki na mlima, nao una pembe tatu!"

Walishikana. Kilemba cha Bi Tausi kiliingia kwenye ndoo. Watu waliwaamua, na wazee wa mtaa wakasema meno yafumuliwe pale pale, watu wakiona. Mama yangu ndiye aliyeitwa kufumua kwa sababu mkono wake haukuumiza kitambaa. Alikaa kati ya wale wawili, mmoja analia kwa hasira, mwingine analia kwa aibu, akawa anakata uzi mmoja mmoja huku akiwauliza habari za watoto wao, mpaka wakajikuta wanamjibu. Kabla hajamaliza Bi Tausi akasema, "Mama Shabani, si ungeniomba tu?" Mwenzake akasema, "Ningekuombaje na wewe huwa unanuna?" Yaliisha hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimeshalishika moyoni: anayeshona nyumba ya mwenzake ni mwizi.

Nyumba ya mama iliitwa Paka Mlangoni. Katikati palikuwa na kipande kitupu cha rangi ya kung'aa, huo ndio mlango. Pande nne zilizokizunguka ndizo fremu. Na chini ya mlango, kwenye kona, palikuwa na kipembetatu cheusi, kidogo kama ukucha wa dole gumba: paka amekaa anasubiri kufunguliwa. Mwingine angemweka paka kulia, kwa sababu ndiko mkono unakoishia. Mama alikuwa wa mkono wa kushoto, paka wake alikaa kushoto. Na mishono yake, ukiitazama kwa karibu, ililala upande wa kulia kama nyasi zilizopigwa na upepo, wakati ya wanawake wengine wote ililala kushoto. Ningeweza kuutambua uzi wake kwa kidole, macho nimefumba. Ulikuwa mchezo wetu. Ananifumba macho kwa kilemba, ananiwekea mkononi vipande vya watu, mimi nataja: huyu Bi Tausi, huyu mama mdogo, huyu wewe.

Nilimwomba anipe Paka Mlangoni. Akasema, "Vidole vyako bado vinakula uzi. Subiri kidogo." Sikununa. Nilijua ni yangu.

Kwa hiyo mambo niliyoyajua yalikuwa mawili. La kwanza, kwamba asiyepewa ni mwizi. La pili nililitunga mwenyewe kwa akili ya mtoto: kwamba nyumba inapoanikwa, mwenyewe yupo hapo. Kulikuwa na la tatu ambalo sikuambiwa, maana halikuwa la kuambiwa mtoto. Kwamba mwanamke mwenye binti humpa binti yake nyumba. Lakini akiona anakufa na binti hayupo, anampa yeyote aliye karibu, hata asiyemjua, ili amshikie.

Siku vurugu zilipofika mtaani kwetu, baba alikuwa ameshachukuliwa na wanajeshi, na hatukuwa tunaulizana tena amepelekwa wapi. Mama alikuwa amepanda mlimani kupeleka mfarishi kwa mwanamke aliyejifungua, kijiji ambacho kwangu mimi jina lake ni Karambira. Alifunga fundo lake la mabaki na sindano, kwa sababu hakuwahi kukaa mahali mikono mitupu, akajifunga kitenge chake cha kijani chenye maua ya njano. Aliniambia, "Usiguse mkasi wangu." Hakusema neno jingine la kukumbukwa. Nimelisubiri neno jingine maisha yangu yote, halipo.

Mama mdogo alinishika mkono tukakimbia na wenzetu. Sitaki kuandika njia ile. Mliopita mnaijua, ambao hamkupita sina la kuwaambia. Tulivuka mpaka tukawekwa kambini upande wa Kigoma, vibanda vya nyasi na maturubai, na kila kibanda kilizungushiwa kijiwigo cha matawi. Juu ya vijiwigo vile wanawake walianika walichokimbia nacho. Na watu wa kwetu, ukiwaambia okoa kitu kimoja, wataokoa mtoto na mfarishi.

Basi mimi nikaanza kazi yangu. Kila asubuhi nilizunguka kambi nikitazama vijiwigo. Nilikuwa nasoma majina kwa sauti, Dagaa Juani, watu wa mwaloni wapo huku. Ngazi ya Dari, wale wa nyuma ya soko wamefika. Sikuwa natafuta mama ovyo ovyo kama watoto wengine waliokuwa wanashika nguo za kila mwanamke. Mimi nilikuwa natafuta paka.

Na ilifanya kazi, ndiyo maana ikaniumiza. Nilimkuta Bi Tausi ameinamia jiko, hali chakula, binti yake Mwajuma alipotelea njiani. Nikamwambia, "Bi Tausi, upande ule wa kisima kuna Meno ya Msumeno, lakini si ya kwako, yana uzi mwekundu."

Alinishika bega. "Uzi gani umesema?"

"Mwekundu."

"Mwajuma! Ndiye nilimpa, ndiye hupenda uzi mwekundu!" Akakimbia na mwiko mkononi. Nilimkuta kule ameketi chini amempakata mwanamke mzima kama mtoto mchanga, na mwiko bado anao. Toka siku hiyo watu walinifuata. Mtoto wa Adela, hujaona Jicho la Mwali? Mtoto wa Adela, Mawe ya Jiko yenye kitambaa cha sare ya shule? Niliwapata wachache. Kila niliyempata, mimi nilihesabu kwamba zamu yangu imekaribia.

Nikamwona paka. Ilikuwa sehemu mpya ya kambi, ya watu walioshushwa na malori siku zile zile. Kijiwigo kibovu, na juu yake kipande kimoja tu, si mfarishi, nyumba moja peke yake imechomekwa kwenye kijiti kama bendera. Mlango wa njano. Fremu ya kitenge cha kijani. Paka kushoto.

Sikumbuki kama nilikimbia. Nakumbuka niliita "Mama!" na mwanamke aliyekuwa ameinama ndani akageuka, na alikuwa na uso mwingine. Mrefu, mweusi sana, mtoto mchanga mgongoni. Nilikishika kile kipande nikageuza upande wa chini, kidole changu kikaenda chenyewe kwenye mishono. Ililala kushoto. Haikuwa mkono wa mama.

Nilipiga kelele ambazo mama mdogo alisema alizisikia akiwa foleni ya mahindi. "Mwizi! Ameiba nyumba ya mama! Mwizi!"

Walikuja wote watatu, mama mdogo, Bi Tausi na Mama Shabani. Mama Shabani alitangulia, ameshajifunga kitenge kiunoni tayari.

"Wewe dada, hii umeitoa wapi?"

Yule mwanamke alikuwa wa milimani, Kiswahili chake cha kununulia chumvi tu. Akasema, "Mimi napewa."

"Unapewa na nani? Mtoto wa mwenyewe huyu hapa anasema umeiba! Hata mimi nilipoiba nilifumuliwa, sembuse wewe?"

"Mama Shabani, nyamaza kidogo," mama mdogo akasema. Alikuwa amekichukua kile kipande kutoka mkononi mwangu. Alikuwa anakizungusha. Upande mmoja, anatazama. Wa pili, anatazama. Alipofika wa tatu alirudi kwenye wa kwanza, na mimi nikasimama kwa vidole nione anachoona.

Upande wa kwanza, mishono imelala kulia. Wa pili kushoto. Wa tatu kulia. Wa nne kushoto. Mimi kidole changu kilikuwa kimegusa ule wa nne tu.

Mama mdogo alikaa chini, pale pale kwenye matope. Bi Tausi akaweka mkono mdomoni. Mama Shabani alifungua kitenge chake kiunoni akamfunika mama mdogo kichwani. Wakaanza kulia, kile kilio cha wanawake wa kwetu kinachoanzia chini.

Na mimi nikacheka. Nataka mnielewe. Nilikuwa nimeona mkono wa mama! Mishono yake, mipya, kwenye kitenge alichoondoka nacho. Mtu anayeshona si yupo? Niliwavuta nguo nikiwaambia, "Mbona mnalia? Ni yeye! Tazameni, ni mkono wake! Mama yuko!" Nilikuwa naruka ruka. Nilimshika yule mwanamke mkono nikamwuliza, "Yuko ndani? Amelala?" Nikachungulia kibandani mwake. Kulikuwa na sufuria na gunia. Nilizunguka nyuma ya kibanda. Nikarudi nikacheka tena, nikidhani wananifanyia mchezo wa kufumbwa macho, na kadiri nilivyocheka ndivyo walivyozidi kulia, mpaka Bi Tausi akanishika akaniziba uso kwenye kifua chake. Alinishika kwa nguvu sana. Ni pale ndani ya khanga yake, nikiwa sipati hewa, ndipo kitu kilianza kunijia, pole pole, kama ubaridi unavyopanda kutoka sakafuni.

Leokadia alisema kwa lugha yake, mama mdogo akiwa anamsikiliza na mimi nikisikia. Walikimbia pamoja kutoka Karambira. Mama aliumia mguu, kidonda kikaharibika, homa ikapanda. Waliingia kwenye banda la kukamulia mawese, chini ya kijiji, penye njia panda ya kwenda mpakani. Walikaa humo wakijificha. Mama alichana kitenge chake mwenyewe. Alimkalisha Leokadia, akamwuliza kwanza jina, kwa sababu huwezi kumpa mtu ambaye hujui jina lake, kisha akashona upande wa kwanza. Leokadia hakuwahi kushona mfarishi, milimani kwao walisuka mikeka. Mama alimshika mkono. Upande wa tatu mama aliushona akiwa amelala.

"Alisema, nina mtoto, anazijua zote. Ukifika popote walipo watu, anika mahali pa kuonekana. Atakuja mwenyewe."

"Nawe ukamzika wapi?" mama mdogo akauliza.

Leokadia alimtikisa mtoto mgongoni muda mrefu. Kisha akasema, "Sikumzika. Watu walipiga kelele kwamba wanajeshi wanashuka. Nilikuwa na huyu. Nilimwacha anapumua."

Nilimwacha anapumua. Maneno haya nimeyabeba kutoka kambi hadi kambi, nimeolewa nayo, nimezaa nayo, nimevuka nayo nchi tatu kuja kukaa Johannesburg. Yangekuwa "alikufa" ningelia nikamaliza. Mama Shabani, wa watu wote, ndiye aliyenifahamisha lile jambo la tatu, la mwanamke kutoa nyumba anapokufa. Alinikalisha akanieleza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Nikamwuliza, "Lakini kama anapumua?" Akasema, "Mwanangu, alikuwa anajua." Nikamwuliza, "Na kama alikosea?"

Siku zilizofuata Leokadia aliniita anipe kilicho changu. Alichukua mabaki ya kile kile kitenge cha kijani, akaweka mlango na paka katikati. Bi Tausi alikaa kuwa msikilizaji. Leokadia akashona upande wa kwanza. Mimi nikashona wa pili, ukaenda kombo, hakunisahihisha. Yeye akashona wa tatu. Akanipa sindano.

Sikuichukua.

"Shona, mama," akasema.

"Sitaki."

"Ni yako. Mimi ni mshikaji tu."

"Nikishona atakuwa amekufa."

Leokadia aliichomeka sindano kwenye kitambaa, akanikunjia vyote mkononi, akasema atangoja. Alingoja. Kila alipokutana nami kisimani alinitazama tu, bila kuniuliza, na mimi niligeuza uso. Kisha malori yalikuja kuwahamisha watu wa sehemu ile, na yeye akiwemo, na sikumwona tena mpaka leo. Mama mdogo Melania amekufa, Bi Tausi amekufa, Mama Shabani sijui. Leokadia kama yu hai ana miaka mingi. Mama yangu naye, kama... basi angekuwa kikongwe wa kubebwa. Najua. Hesabu hiyo sihitaji kufundishwa na mtu.

Sasa jicho langu moja limekwisha kwa mtoto wa jicho, na la pili linafuata, naona taa za robot, zile za kuongoza magari, pale kona kama vitu vilivyoloweshwa. Kutunga uzi kwenye sindano ni Aline ananisaidia. Juzi aliniuliza tena, safari hii bila mzaha. Alisema, "Bibi, zote umenionyesha. Hiyo ya paka kwa nini hutaki kunipa?" Nikamwambia ukweli: siwezi kukupa ambayo mimi mwenyewe sijapewa. Akafikiri. Akasema, "Kwa hiyo ikiisha kwako, imeisha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Eish, Bibi," akalala ubavu, akageukia ukutani, na nikajua analia.

Kwa hiyo nimeamua. Jumamosi Aline hana shule na Esperanse atakuwa nyumbani, atakaa kuwa msikilizaji. Nitashona upande wa nne, nitataja jina mwenyewe, maana wa kunitajia hayupo, kisha nitaanza nyingine na mjukuu wangu.

Lakini kwanza nawaomba ninyi mliokuwa watoto wakati ule, mliopita njia ile mkiwa mgongoni au mmeshikwa mkono. Nilikuwa mdogo, huenda nimekosea. Kama kijiji hakikuitwa Karambira, nisahihisheni. Kama banda la mawese halikuwa njia panda bali mbele zaidi, semeni. Kama kitenge hakikuwa cha kijani, kama Leokadia alisema jingine na mimi nikasikia nilichosikia, niambieni, sitakasirika. Na kama kuna aliyeingia katika lile banda baada ya Leokadia kutoka, akamkuta mwanamke wa mkono wa kushoto, akampa maji, au akamtupia udongo, nitafuteni. Mimi ni mtoto wa Adela. Nisahihisheni kabla ya Jumamosi.